Mwambao wa Bagamoyo na Madai ya Kiti cha Afrika katika Baraza la Usalama

Mwambao unaoanzia Kunduchi na Mbweni, ukapita Kaole na Bagamoyo hadi Sadani na Pangani, ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki ambazo mustakabali wake uliamuliwa mara nyingi katika vikao ambavyo wenyeji wake hawakualikwa. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara isizidi ukanda wa maili 10 kutoka baharini, kuanzia jirani na Mto Ruvuma hadi Kipini, na Sayyid Barghash, ambaye bendera yake ndiyo iliyokuwa ikipepea katika bandari hizo, alipelekewa makubaliano hayo ayaridhie baada ya kuwa yamekwisha kuandikwa. Aprili 1888 mrithi wake, Sayyid Khalifa, aliukodisha ukanda huo kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki; Agosti mwaka huohuo upinzani ulizuka Pangani, ukaenea Bagamoyo chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi na Sadani chini ya Bwana Heri. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Julai 1890 madola hayohayo mawili yalitia saini mkataba mwingine, na Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 ili ukanda huo uwe wake moja kwa moja. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi mwaka 1891, haikuwa na mjumbe katika kikao hata kimoja kati ya hivyo.

Historia hiyo si ya makumbusho peke yake, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya hoja ambayo wanadiplomasia wa Afrika huiita dhuluma ya kihistoria, yaani madai kwamba bara lililogawanywa bila kuulizwa liliachwa nje kwa mara ya pili pale mfumo wa sasa wa dunia ulipojengwa. Umoja wa Mataifa ulipoundwa San Francisco mwaka 1945, waanzilishi wake walikuwa nchi 51, na za Afrika zilikuwa 4 tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, hiyo ya mwisho ikiwa chini ya serikali ya Wazungu wachache. Tanganyika, ambayo Uingereza iliitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, ilikabidhiwa mwaka uliofuata kwa mfumo mpya ulioitwa udhamini, ambao ulimtaka mtawala aiandae nchi husika kujitawala na atoe taarifa kwa Baraza la Udhamini mjini New York.

Chombo kinachogombewa zaidi katika mfumo huo ni Baraza la Usalama, ambalo maamuzi yake, tofauti na yale ya Baraza Kuu linalozikutanisha nchi zote 193, huzifunga nchi zote wanachama zipende zisipende. Baraza hilo lina wajumbe 15. Watano kati yao, yaani Marekani, Urusi, China, Ufaransa na Uingereza, ni wa kudumu, na kila mmoja ana kura ya turufu, ambayo maana yake ni kwamba azimio linaloungwa mkono na wajumbe wengine wote 14 huanguka endapo yeye peke yake atalikataa. Wajumbe 10 waliobaki huchaguliwa kwa miaka miwili miwili, na katika nafasi hizo Afrika, yenye nchi 54, ina nafasi 3. Kuubadili muundo huo ni kuurekebisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, na kifungu cha 108 cha Mkataba huo kinaweka masharti mawili: theluthi mbili ya wanachama wa Baraza Kuu, yaani nchi 129 kwa hesabu ya sasa, zipige kura ya kuunga mkono, kisha theluthi mbili ya nchi wanachama ziridhie kwa mujibu wa katiba zao, zikiwamo zote tano za kudumu. Kwa maneno mengine, wenye turufu hawawezi kupunguziwa wala kuongezewa wenzao bila ridhaa yao.

Sharti hilo la pili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, lakini limewahi kuvukwa, na tukio lenyewe halikumbukwi kadiri linavyostahili. Tarehe 17 Desemba 1963, siku moja tu baada ya Zanzibar na Kenya kupokelewa kuwa wanachama wa Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuongeza wajumbe wa Baraza la Usalama kutoka 11 hadi 15, kwa msukumo wa nchi za Afrika na Asia ambazo nyingi zilikuwa zimejitawala miaka michache tu nyuma yake. Ufaransa na Urusi ya Kisovieti zilipiga kura ya kupinga, Marekani na Uingereza hazikuunga mkono wala kupinga. Hata hivyo kura 97 za kuunga mkono zilikuwa nyingi mno kupuuzwa, na hadi kufikia Agosti 1965 wajumbe wote watano wa kudumu walikuwa wameridhia kile ambacho wanne kati yao hawakukipigia kura. (Zanzibar yenyewe ilikaa na kiti chake New York kwa miezi isiyotimia mitano, kwani baada ya Muungano wa Aprili 1964 viti viwili vya pande mbili za bahari vilikuwa kimoja.) Fundisho la mwaka 1963 liko wazi: wakubwa hulegea wanapoona kwamba kukataa kutawagharimu urafiki wa theluthi mbili ya dunia, na theluthi mbili hiyo haipatikani mpaka Afrika iwe imesimama upande mmoja.

Ni vyema kueleza kwa nini Tanzania, ambayo ilikuwa na kila sababu ya kuudharau mfumo huo, ilichagua kuukarabati. Mwaka 1954 ujumbe wa Baraza la Udhamini ulizuru Tanganyika, na ripoti yake ikapendekeza kwamba nchi iweze kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya chama cha TANU, na uhuru ukapatikana Desemba 1961, yaani miaka 7 tu baada ya ujumbe ule. Shirika lenye kasoro lilikuwa limetoa jukwaa ambalo gavana asingelitoa. Imani hiyo ndiyo iliyomwongoza Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania New York kwa muongo mzima wa 1970, ambaye aliiongoza kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni katika miaka ileile ambayo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa Dar es Salaam na shule ya sekondari ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilikuwa Bagamoyo. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi zilizowasilisha azimio namba 2758 la tarehe 25 Oktoba 1971, lililoipa Jamhuri ya Watu wa China kiti kilichokuwa kimekaliwa na serikali ya Taiwan, kwa kura 76 dhidi ya 35. Miaka 10 baadaye Salim aligombea ukatibu mkuu akiungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika; China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akiishikilia nafasi hiyo, kwa turufu mara 16, Marekani ikamzuia Salim, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Waafrika wanaisemea turufu kwa uchungu, na bado wanaitaka, ataanzia hapo.

Kwa mageuzi ya Baraza la Usalama, mwaka 2005 ndio uliokuwa na matumaini makubwa kuliko mingine yote. Vita vya Iraq vilikuwa vimeugawa Umoja wa Mataifa, na Katibu Mkuu Kofi Annan alikuwa ameunda jopo la watu mashuhuri 16, Salim akiwa mmoja wao, ambalo Desemba 2004 lilitoa mapendekezo ya aina mbili: la kwanza liliongeza viti 6 vya kudumu visivyo na turufu, viwili vikiwa vya Afrika, na la pili halikuongeza kiti cha kudumu bali viti 8 vya miaka minne minne. Tanzania ilikuwa imeingia Baraza la Usalama Januari 2005 kwa kipindi cha miaka miwili. Waziri wake wa Mambo ya Nje alikuwa Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika iliyokuwa Wilaya ya Bagamoyo, ambaye alikuwa ameshika wizara hiyo tangu mwaka 1995 na ambaye, pamoja na Erkki Tuomioja wa Finland, alikuwa mwenyekiti mwenza wa Mchakato wa Helsinki, jukwaa lililozikutanisha serikali za Kaskazini na Kusini pamoja na asasi za kiraia kujadili namna ya kuuendesha utandawazi kwa haki.

Machi 2005 Umoja wa Afrika ulipitisha msimamo wake, unaojulikana kama Makubaliano ya Ezulwini kwa jina la bonde la Swaziland, sasa Eswatini, ulikoandaliwa. Msimamo huo unadai viti visivyopungua 2 vya kudumu vyenye haki zote walizo nazo wajumbe wa kudumu wa sasa, turufu ikiwamo, na viti 5 visivyo vya kudumu. Kuhusu turufu, waraka unasema kwamba Afrika inaipinga kimsingi, ila maadamu ipo, haki ni kwamba kila mjumbe wa kudumu awe nayo. Kuhusu nani atakaa katika viti hivyo, waraka unasema Umoja wa Afrika ndio utakaowachagua, na hapo unanyamaza.

Unyamavu huo ndio uliokuja kuwa na gharama. Brazil, Ujerumani, India na Japani, zilizojiita Kundi la Nne, ziliwasilisha mwezi Julai rasimu ya Baraza lenye wajumbe 25, likiwa na viti 6 vipya vya kudumu, viwili vya Afrika, ambavyo visingetumia turufu mpaka mapitio ya baada ya miaka 15. Umoja wa Afrika uliwasilisha rasimu yake ya wajumbe 26, yenye turufu tangu siku ya kwanza. Kundi la tatu, lililokuwa na Italia, Pakistan na wengine waliohofia kuona majirani zao wakipanda daraja, lilitaka viti visivyo vya kudumu tu. Hesabu ilikuwa rahisi: Kundi la Nne lisingefika theluthi mbili bila kura za Afrika, wala Afrika isingefika bila za Kundi la Nne. Mawaziri wa pande hizo mbili walikutana London tarehe 25 Julai, na ilionekana kama mlango unafunguka, kwani Waafrika wangelegeza suala la turufu na kupata kiti kimoja zaidi kisicho cha kudumu. Tarehe 4 Agosti wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa katika kikao cha dharura, wakaukataa mwafaka huo. Hakuna rasimu iliyopigiwa kura.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Afrika ilishikilia kanuni. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Nigeria, Afrika Kusini na Misri zote zilikuwa zinavitaka viti viwili, na kwa nchi yoyote iliyohofia kwamba jirani yake angekipata kiti milele, sharti la turufu lilikuwa ngao nzuri mno, kwa kuwa liliiwezesha kuzuia jambo zima huku ikionekana inatetea heshima ya bara. Umoja wa Ezulwini ulikuwa umoja wa kweli juu ya kile kinachodaiwa. Haukuwa umoja juu ya nani atakayekipokea. Diplomasia ina desturi ya kuahirisha swali gumu ili waraka upate saini zote, na mara nyingi desturi hiyo ni ya busara, ila hapa swali lililoahirishwa ndilo lililokuwa kiini cha jambo lenyewe.

Wakati malumbano hayo yakichukua vichwa vya habari, Tanzania ilikuwa katika kazi nyingine iliyotangazwa kidogo na kuzaa zaidi. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Mataifa wa Septemba 2005 uliamua kuundwa kwa Tume ya Ujenzi wa Amani, chombo cha kuzisaidia nchi zilizotoka vitani zisirudi humo, kikiwaunganisha mezani wafadhili, majirani, wanaotoa askari na serikali yenyewe inayohusika. Uamuzi ulikuwa wa aya chache. Mengi ya maana, kama vile nani awe mjumbe na tume iwajibike kwa nani, yaliachwa yakamilishwe kabla ya mwaka kwisha. Rais wa Baraza Kuu, Jan Eliasson wa Sweden, aliwakabidhi usukani wa mashauriano hayo mabalozi wawili, Ellen Margrethe Løj wa Denmark na Augustine Mahiga wa Tanzania.

Ugomvi uliowakabili ulikuwa uleule kwa sura ndogo. Wajumbe wa kudumu walitaka tume iwe chini ya Baraza la Usalama na wao wawemo moja kwa moja. Nchi nyingi za Kusini zilitaka iwajibike kwa Baraza Kuu, ambako kila nchi ina kura moja. Jibu lililopatikana halikumfurahisha mtu yeyote kikamilifu, na pengine ndiyo sababu lilipita. Tume iliundwa kwa maazimio mawili yaliyopitishwa siku moja, tarehe 20 Desemba 2005, moja la Baraza Kuu, namba 60/180, na jingine la Baraza la Usalama, namba 1645, ili kila upande uweze kusema kwamba umeizaa. Kamati yake ya uendeshaji ilipewa wajumbe 31 kwa mafungu: 7 kutoka Baraza la Usalama, 7 kutoka Baraza la Uchumi na Jamii, 5 kutoka nchi zinazochangia fedha nyingi zaidi, 5 kutoka zinazotoa askari wengi zaidi, na 7 wa kuchaguliwa na Baraza Kuu ili kuziba pengo la uwakilishi wa kanda. Siku iliyofuata Kikwete aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania. Nchi mbili za kwanza kushughulikiwa na tume hiyo mwaka 2006 zilikuwa Sierra Leone na Burundi, na kwa Tanzania, iliyokuwa imewahifadhi wakimbizi wa Burundi kwa miongo mitatu na ambayo Nyerere wake alikuwa msuluhishi wa mgogoro huo mpaka alipofariki mwaka 1999, hilo halikuwa jambo la mbali.

Mageuzi hayo hayakuhitaji kurekebisha Mkataba, na hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwa hiyo haitakuwa haki kuyalinganisha na suala la viti kana kwamba uzito ni mmoja. Bado yanaonyesha kitu kuhusu mbinu. Mahiga hakuwa akigombea chochote kwa ajili ya nchi yake katika mashauriano yale, na aliaminiwa na pande zote mbili kwa sababu hiyo. Mwendo huohuo ulionekana pale Rais mstaafu Benjamin Mkapa alipokuwa mjumbe wa jopo la mwaka 2006 kuhusu kuyafanya mashirika ya Umoja wa Mataifa yafanye kazi kama taasisi moja ndani ya kila nchi, na Tanzania ikawa mojawapo ya nchi 8 za majaribio kuanzia mwaka 2007.

Gharama ya kutokuwa na kiti nayo haipimwi kwa heshima tu. Machi 2013 Baraza la Usalama liliidhinisha, kwa azimio namba 2098, kikosi maalumu cha kuingilia kati mashariki mwa Kongo, chenye ruhusa ya kuwashambulia waasi badala ya kungoja kushambuliwa, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Walikuwa wakitekeleza agizo la chombo ambacho nchi yao haikuwa na kura ndani yake, na ambacho wajumbe wake wa kudumu hawakuwa wamepeleka askari wa mapigano katika kikosi hicho.

Baada ya kushindwa kwa mwaka 2005, Umoja wa Afrika uliunda Kamati ya Kumi, inayoratibiwa na Sierra Leone na yenye wakuu wa nchi 10, Kenya na Uganda zikiwa wawakilishi wa Afrika Mashariki, ili izunguke duniani kuunadi msimamo wa Ezulwini. Septemba 2008, Kikwete akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, Baraza Kuu liliamua kuanzisha majadiliano ya kiserikali, ambayo yalianza Februari 2009 na yanaendelea kila mwaka bila rasimu moja ya kujadiliwa kifungu kwa kifungu. Kamati hiyo imefanikiwa kwa upande mmoja: leo ni nadra kumsikia balozi wa nchi yoyote akikana kwamba Afrika ilidhulumiwa. Agosti 2024 Sierra Leone, ikiwa rais wa Baraza kwa mwezi huo, iliitisha mjadala juu ya dhuluma hiyo. Septemba Marekani ilitangaza kwamba inaunga mkono viti 2 vya kudumu kwa Afrika, ila bila turufu. Na tarehe 22 mwezi huohuo Mkataba wa Wakati Ujao, uliopitishwa na wakuu wa nchi New York, ulitamka kwamba Afrika ipewe kipaumbele katika kurekebisha dhuluma ya kihistoria.

Kwa hiyo mjadala umerudi pale ulipokwamia Addis Ababa, safari hii kukiwa na sauti nyingi zaidi za kuunga mkono na kisingizio kimoja pungufu. Kinachokosekana ni majibu ya maswali ambayo Ezulwini iliyaacha: nchi mbili zitapatikanaje, zitakaa moja kwa moja au kwa zamu, kama Azimio la Harare la mwaka 1997 lilivyokuwa limependekeza, na zitawajibika vipi kwa Umoja wa Afrika pale maslahi yao yatakapotofautiana na ya bara. Wanaogombea hawawezi kuyauliza maswali hayo bila kushukiwa. Tanzania haigombei kiti cha kudumu, wala haimo katika Kamati ya Kumi, na ina rekodi ya Desemba 2005 ya kuisaidia dunia kuandika jambo ambalo wengi walidhani haliandikiki. Wizara yake ya Mambo ya Nje ingefaa iyapeleke maswali hayo rasmi katika kikao cha wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, kwa maandishi na kwa tarehe ya kujibiwa, kwa kuwa mpaka Afrika iwe na majina mawili au utaratibu mmoja wa kuyapata, kura zake 54 zitaendelea kuwa ombi ambalo New York inaweza kulikubali kila mwaka bila kulitekeleza.